Kilio Kabla ya Faraja: Albamu ya Merry Clayton ya Mwaka 1970

Huenda wasomaji wengi wa kitabu hiki wakashangaa kukuta ndani yake makala juu ya albamu ya muziki wa roki. Tunawaelewa. Sisi wenyewe tulilelewa katika nyumba ambamo redio ilizimwa mara tu gitaa la umeme lilipoanza kulia, na katika usharika ambamo muziki ulikuwa wa aina mbili tu: ule wa kitabu cha nyimbo na ule wa dunia. Mgawanyo huo ulikuwa rahisi, na kwa miaka mingi ulitutosha. Makala hii inaeleza jinsi ulivyoacha kututosha, na jinsi albamu moja ya Marekani, iliyotolewa kabla sisi hatujazaliwa, ilivyotufundisha jambo ambalo tulipaswa kulijua tangu chuo cha theolojia.

Albamu hiyo inaitwa "Gimme Shelter", maana yake "nipe sitara". Ilitolewa mwaka 1970 na kampuni ya Ode, chini ya usimamizi wa mtayarishaji Lou Adler. Mwimbaji wake ni Merry Clayton. Ni wachache wanaolijua jina hilo, ingawa waliosikia sauti yake wamo katika kila bara. Tunataka kuonyesha kwamba kazi hii inastahili kusikilizwa kwa makini kuliko ilivyosikilizwa, na kwamba ina neno kwetu sisi tunaoitwa kuwafariji wenzetu.

Binti wa mchungaji

Merry Clayton alizaliwa New Orleans siku ya Krismasi ya mwaka 1948, na jina lake Merry linatokana na salamu ya sikukuu hiyo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Katika kanisa la baba yake ndimo alimojifunza kuimba, na miongoni mwa wageni waliofika kuimba humo alikuwamo Mahalia Jackson, malkia wa nyimbo za injili, naye mzaliwa wa mji huohuo. Mtoto Merry aliketi karibu naye akimtazama na kumsikiliza. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu kila tutakachosema juu ya albamu kinaanzia hapo: huyu ni mtu aliyejifunza kupaza sauti mbele za Mungu kabla hajajifunza kuipaza mbele ya watu.

Baadaye familia ilihamia Los Angeles. Akiwa bado binti mdogo alianza kurekodi, na katika miaka ya 1960 aliimba katika kundi la Raelettes, akina dada waliomwitikia Ray Charles. Huko alikutana na Curtis Amy, mpiga saksafoni aliyeongoza wanamuziki wa Ray Charles, wakaoana. Tangu wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa uitikiaji. Wanakwaya wetu wanaelewa maana yake. Mwitikiaji huubeba wimbo bila jina lake kuandikwa juu ya jalada. Anasimama hatua chache nyuma ya mwimbaji mkuu, na hatua hizo chache zinaweza kumgharimu maisha yote kuzivuka.

Usiku wa mwaka 1969

Mwaka 1969 kundi la Waingereza liitwalo Rolling Stones lilikuwa Los Angeles likimalizia albamu yake. Wimbo wao mmoja, uliotungwa na Mick Jagger na Keith Richards wakati vita vya Vietnam vikiendelea, ulihitaji sauti ya mwanamke. Usiku, Clayton akiwa nyumbani tayari kwa kulala, simu ikalia. Alikuwa mjamzito. Alikwenda studio akiwa na nguo zake za kulalia, koti juu yake na kitambaa kichwani. Huko akaelezwa maneno aliyotakiwa kuimba: kwamba kubakwa na kuuawa vimekaribia, viko umbali wa risasi moja tu. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyoshangazwa na maneno hayo, akauliza ni ya nini, akaelezwa, kisha akaimba.

Aliimba mara tatu tu. Kadiri alivyorudia ndivyo alivyozidi kupanda, hadi sauti yake ikapasuka. Hata leo mpasuko huo unasikika katika rekodi, na mtu mmoja ndani ya studio anasikika akipiga kelele kwa mshangao. Kisha akarudi nyumbani. Baada ya hapo mimba yake ikaharibika.

Wengine wamesema kwamba ni nguvu alizotumia usiku ule zilizosababisha msiba huo. Sisi si waganga na hatutasema hivyo. Tunachojua ni kwamba matukio hayo mawili yaliandamana katika maisha ya mtu mmoja, na kwamba mwenyewe ameueleza wakati ule kuwa kipindi cha giza, akisema kwamba Mungu ndiye aliyempa nguvu ya kukivuka. Albamu ya wale Waingereza ilipotolewa Desemba 1969, jina lake lilichapishwa kimakosa: waliandika Mary badala ya Merry. Herufi chache tu. Lakini mtu aliyetoa sauti yake mpaka ikapasuka, halafu akaandikwa kwa jina lisilo lake, anajua uzito wa herufi chache.

Hapo ndipo linapokuja jambo linalotufanya tuandike. Mwaka uliofuata alipopata nafasi ya kurekodi albamu yake mwenyewe, angeweza kuukwepa wimbo ule. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliurudia, akauimba tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na albamu nzima ikaitwa kwa jina lake.

Kusikiliza albamu

Tuanze na kibao cha kwanza, "Country Road", kilichotungwa na James Taylor, ambaye albamu yake yenye wimbo huo ilitoka mwaka huohuo wa 1970. Taylor anauimba taratibu, kama kijana anayetembea peke yake akiwaza. Katikati ya mashairi anataja bendi ya malaika wanaokuja kumweka huru, lakini anaitaja kama mtu anayeota. Clayton anaposhika wimbo huohuo, malaika wanaacha kuwa ndoto. Waitikiaji wanajibu, ala zinasukuma mbele, na ile safari ya mtu mmoja inakuwa maandamano ya kusanyiko. Hakubadilisha mashairi. Ameyaamini tu kuliko mtunzi alivyoyaamini, na hiyo ndiyo tofauti anayoisikia msikilizaji.

Jambo linalofanana na hilo linatokea katika "Bridge over Troubled Water". Paul Simon, aliyeutunga, ameeleza kwamba wazo lake kuu alilipata katika wimbo wa injili wa kundi la Swan Silvertones. Kwa hiyo ulikuwa wimbo ulioazimwa kanisani, ukazunguka duniani kwa sauti za vijana wawili wa New York, Simon na mwenzake Art Garfunkel. Binti wa mchungaji anapouimba, mali iliyoazimwa inarudishwa nyumbani. Wanaosema kwamba muziki wa kanisa na muziki wa dunia ni mito miwili isiyokutana wangefaa kuufuata wimbo huu mmoja tu, waone umevuka mara ngapi.

Kisha tunafika kwenye wimbo wenye jina la albamu. Katika rekodi ya mwaka 1969 Clayton anaingia katikati, kama shahidi aliyeitwa mahakamani kusema sentensi moja kisha aondoke. Katika rekodi yake mwenyewe kesi nzima ni yake. Dhoruba inayotajwa mwanzoni ni yake, moto ulioko barabarani ni wake, vita ni vyake. Tarumbeta zinaingia kwa nguvu, besi inakimbia chini yake, naye anakaa juu ya hayo yote bila kuyumba. Sisi Walutheri tuliokua tukisikia tarumbeta Jumapili ya Pasaka na kwenye mazishi tunajua kwamba chombo hicho kinaweza kutangaza ushindi na kinaweza kuomboleza. Humu kinafanya yote mawili kwa pamoja.

Msikilizaji anayetafuta ule mpasuko maarufu hataupata kama ulivyokuwa. Wapo waliosema kwamba kwa sababu hiyo rekodi ya pili ni hafifu. Hatukubaliani nao. Mara ya kwanza alikuwa akiimba maneno aliyokabidhiwa usiku na watu wasiomjua. Mara ya pili alikuwa anajua. Aliyeokota maneno ya hatari njiani hupiga kelele. Aliyeishi nayo hutamka kila silabi kwa uthabiti. Na mashairi yanapogeuka mwishoni na kusema kwamba upendo nao uko karibu, karibu sawa na ile vita, yeye hauimbi upendo huo kama kipoozeo. Anauimba kwa nguvu ileile aliyoimbia mauaji. Ujasiri huo wa kuipa faraja uzito uleule wa kilio ndio unaoifanya albamu hii kuwa kazi kubwa.

Haki inatutaka tuseme pia mapungufu yake. "Tell All the People", ulioazimwa kutoka kundi la The Doors, unawaita watu wafuate bila kuwaambia wanamfuata nani, na sauti kubwa kama hii inaufanya utupu wa mashairi uonekane zaidi. Nusu ya pili ya albamu, ambayo kwa sehemu kubwa ni nyimbo za mapenzi na kuvunjika moyo, hailingani na ya kwanza. Mara kadhaa mwimbaji anaanza juu kileleni, hivyo hana mahali pa kupanda, na wapigaji wanajaza kila nafasi kana kwamba ukimya ni dhambi. Mwanamuziki yeyote wa kanisa anayependa vipaza sauti kuliko maana atajiona humo. Lakini hata katika nyimbo hizo hafifu hatujasikia mahali anapodanganya. Mtu anaweza kuimba kwa kupita kiasi na bado akawa mkweli.

Kwa nini basi albamu hii haikusikika? Wimbo wake mkuu ulipotolewa kwenye santuri ndogo haukupanda juu ya nafasi ya 73 katika orodha ya Billboard. Sababu ni zaidi ya moja. Wasikilizaji wa muziki wa roki walitarajia vijana wa kiume wenye magitaa, na wale wa muziki wa soul walikuwa na nyota wao tayari. Mwanamke mweusi aliyeimba nyimbo za Taylor, za Simon na za The Doors kwa sauti ya kanisa la Kibaptisti hakuwa na rafu yake dukani. Mwaka 1971 Lou Adler huyohuyo alitayarisha albamu ya Carole King iitwayo "Tapestry", iliyouzwa kwa mamilioni, na miongoni mwa waitikiaji wake alikuwamo Merry Clayton. Alikuwa amerudi hatua zile chache nyuma.

Sura ya tatu ya Ayubu

Sasa tueleze kwa nini hayo yalitugusa sisi.

Katika miaka ya kwanza ya uchungaji wetu, mama mmoja wa kwaya alijifungua mtoto asiye hai. Tulikwenda nyumbani kwake tukiwa na wazee wawili wa kanisa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, akina mama wenzake wamemzunguka. Alipotuona alianza kulia kwa sauti kubwa, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake hata siku za kwaya. Tuliogopa. Kwa kuwa tuliogopa, tulimwahi. Tulifungua Ayubu sura ya kwanza, tukasoma yale maneno ya Bwana aliyetoa na Bwana aliyetwaa, kisha tukaanzisha wimbo wa shukrani. Mama akanyamaza. Tuliporudi tulisema moyoni kwamba amefarijika, na kwamba tumefanya kazi yetu.

Hakuimba tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ibadani alikuja, hakukosa. Alikaa benchi la mwisho na kinywa chake kilifungwa, hata wakati wa nyimbo alizozipenda. Siku moja baada ya ibada alitusubiri mlangoni, akasema bila hasira: "Mchungaji, siku ile sikuwa nimemaliza kulia."

Hatukuwa na jibu. Tulisema tutamwombea, neno ambalo sisi wachungaji hulitumia tukitaka kuondoka.

Miaka ikapita. Tuliporudi chuo cha theolojia kwa masomo zaidi, mwenzetu mmoja bwenini alikuwa na filamu ya Marekani ya mwaka 2013 juu ya maisha ya waitikiaji, "20 Feet from Stardom". Humo tulimwona Merry Clayton, mama mtu mzima, akisimulia usiku ule wa 1969. Tukatafuta habari zake zaidi, tukaijua ile mimba, tukaitafuta albamu. Na tuliposikia jinsi anavyougeukia wimbo uleule na kuuimba wote, sentensi ya yule mama wa benchi la mwisho ilirudi masikioni mwetu. Tulitambua kwamba tulimsomea sura ya kwanza ya Ayubu tukasahau kwamba kitabu kile kina sura ya tatu, ambamo Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Tulisahau hata mwisho wa sura ya pili, ambapo rafiki zake wanakaa naye chini siku saba bila kusema neno. Ilikuwa kazi yao njema kuliko zote. Walipoanza kusema ndipo walipoharibu.

Kule chuoni tulikuwa tumesoma hoja alizozitetea Martin Luther mjini Heidelberg mwaka 1518. Humo anawatofautisha wanateolojia wa aina mbili. Yule wa utukufu huuita uovu wema na wema uovu. Yule wa msalaba hukiita kitu jina lake halisi. Tuliikariri hoja hiyo, tukajibu mtihani, tukapata alama nzuri. Kisha tukaenda kwenye nyumba ya msiba tukamzuia mama asikiite kifo cha mtoto wake jina lake halisi. Binti wa Kibaptisti aliyeimba roki alitufafanulia hoja ya Heidelberg kuliko vitabu vyetu.

Je, si muziki wa dunia?

Tunajua swali linalokuja. Je, tunasema nyimbo hizi ziingizwe ibadani? Hapana. Wimbo wa Jagger na Richards hautaji jina la Mungu, na hatuna sababu ya kuubatiza kwa nguvu. Kuomba sitara bila kujua unayemwomba si sawa na imani. Kazi ya wimbo huu inafanana zaidi na kazi ya sheria: unaonyesha dunia ilivyo, unaondoa pazia, unamwacha mtu nje kwenye mvua akijua kwamba hana paa. Injili ni neno jingine, nalo linatoka kwingine.

Lakini tuwe waangalifu pia na kiburi. Mara nyingi husemwa kwamba Luther alichukua nyimbo za vilabuni akazifanya za kanisa. Wanahistoria hawaikubali hadithi hiyo. Lililo kweli ni dogo zaidi, na zuri zaidi: wimbo wake wa Krismasi juu ya malaika ashukaye kutoka mbinguni aliuweka mwanzoni, mwaka 1535, kwenye sauti ya wimbo wa kawaida wa watu, kisha miaka michache baadaye ukapewa sauti mpya. Alijua kwamba masikio ya watu yana historia, akaiheshimu, kisha akaendelea. Na wimbo wake mkuu kuliko yote, ule wa Mungu aliye ngome, msingi wake ni Zaburi ya 46, ambamo milima inatikisika na maji yanavuma kabla watu hawajaambiwa watulie. Sisi tumezoea kuuimba tukiwa ndani ya ngome. Merry Clayton anatuimbia akiwa nje ya lango, akigonga. Je, tulio ndani tunamsikia anayegonga, au tarumbeta zetu zimezidi?

Zaburi yenyewe haituruhusu kuwa na haraka. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani, bila aya ya shukrani mwishoni. Waliokusanya Zaburi hawakuiongezea. Waliiacha ndani ya Biblia jinsi ilivyo, kwa ajili ya watu ambao siku hiyo hawajamaliza kulia.

Viungo na makovu

Kuna kibao kimoja ambacho tumekiacha kwa makusudi. Kinaitwa "I've Got Life", nacho kimetoka katika tamthilia ya muziki iitwayo "Hair", ambayo waumini wengi wa wakati ule waliichukia kwa utovu wake wa adabu. Ni wimbo wa mtu asiye na mali, anayehesabu alivyo navyo kiungo kwa kiungo, tangu nywele, kichwa na macho hadi miguu na vidole vyake, na kusema kwamba anao uhai. Clayton anauimba kwa furaha ya mtu anayehesabu baraka zake asubuhi. Tulipousikia mara ya kwanza tuliupita haraka, tukiuona mwepesi.

Hatuupiti tena. Machi 2014 ile filamu ya waitikiaji ilipata tuzo ya Oscar, na baada ya miaka mingi sana watu wakaanza kulitaja jina lake kwa usahihi. Juni mwaka huohuo alipata ajali mbaya ya gari Los Angeles. Madaktari walilazimika kumkata miguu yote miwili. Imesimuliwa na walio karibu naye kwamba alipoelezwa, aliuliza kama sauti yake imedhurika. Aliposikia kwamba ni salama, akaimba.

Mwanamke aliyeihesabu miguu yake kwa wimbo mwaka 1970 aliipoteza mwaka 2014, na bado alikuwa na kitu cha kuhesabu. Hatutaki kufanya fundisho jepesi kutokana na maumivu ya mtu. Tungerudia kosa letu la mkekani. Tunasema tu kwamba wimbo tuliouona mwepesi ulikuwa unasubiri uzito wake. Mwaka 2021, akiwa na miaka zaidi ya 70, alitoa albamu nyingine, safari hii ya nyimbo za injili, tena pamoja na Lou Adler, na jina lake lina maana ya "makovu mazuri". Anayeisikia hiyo ya 2021 bila kuijua ile ya 1970 anaweza kudhani kwamba bibi mwenye imani anatufariji. Anayezijua zote mbili anasikia kwamba faraja hii imepita nyumba ya kilio kwanza, na kwa hiyo inaweza kuaminika. Bwana mfufuka naye, kama Yohana anavyotuambia katika sura ya ishirini, hakuwaonyesha wanafunzi wake mwili usio na alama. Aliwaonyesha mikono na ubavu.

Baada ya masomo tuliporudi, tulikwenda nyumbani kwa yule mama. Safari hii hatukufungua kitabu kwanza. Tulimwomba msamaha, kisha tukamwuliza swali ambalo tulipaswa kumwuliza tangu mwanzo: mtoto yule alikusudia kumwita nani? Alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akalitaja jina. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Alilia, nasi tukakaa. Ilichukua karibu mchana mzima, na alipomaliza yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo. Tukamwitikia.